Upande wa Tairi Uliokuwa Kivulini

Kabla mguu wangu wa kushoto haujakatwa nilikuwa mtu wa kujisifu. Nianzie hapo, maana ugonjwa wangu ulianzia mdomoni kabla haujafika mfupani. Jina langu ni Mwadime, mzaliwa wa Werugha, kule juu ambako ukungu hukaa hadi saa nne asubuhi na nguo zilizofuliwa Jumatatu hukauka Jumatano. Nilikuwa mwendeshaji wa bodaboda na fundi wa pikipiki hapa Voi, mtaa wa Kaloleni. Kwa miaka minane nilishusha kabichi kutoka kwetu hadi sokoni Voi, magunia mawili nyuma, kona baada ya kona, na sikuanguka hata siku moja. Watu waliniita Fundi hata kanisani. Mtu akitaka tairi aliniuliza mimi kwanza, na sikumbuki hata mara moja niliyojibu kwamba sijui.

Nayaandika haya kwa watu wawili. Wa kwanza ni wewe uliyelala wodini ukinusa kidonda chako mwenyewe na kudhani umefika mwisho. Wa pili ni wewe utakayetoka Jumapili na pikipiki ya mbio. Wa kwanza nitamtia moyo kadiri nilivyo nao, na moyo wenyewe si mwingi. Wa pili naomba anisikilize tu.

Rafiki yangu aliitwa Righa. Tulisoma darasa moja, tukaanza boda mwaka mmoja, na shamba la kwao linaishia pale letu linapoanzia, tuta moja tu katikati. Yeye alikuwa na mke, Mghoi, na watoto wawili. Mimi sikuwa na mke. Nilikuwa na mama, na nilikuwa na nusu ya pikipiki, kwa sababu mimi na Righa tulishirikiana kununua ile nyekundu ya spoti, mtumba kutoka Japani, injini ya cc mia nne. Tuliipenda mno. Righa aliiosha kwa sabuni ya watoto, nami nilimcheka, kisha akiondoka naiosha tena.

Upande wa Maungu kuna kiwanja cha zamani ambacho ndege ndogo zilikuwa zikitua. Ndege haziji tena, ila lami bado ipo. Vijana wa Voi na wengine wa Mombasa walikuwa wakikutana hapo Jumapili moja ya kila mwezi. Waliweka madramu yaliyopakwa chokaa, wakapata njia ya kuzunguka: kona tano za kulia na moja ya kushoto. Hiyo ya kushoto ilikuwa mwisho wa mstari mrefu, pale ambapo mwendo umeshakuwa mkubwa. Iweke akilini kona hiyo.

Tairi zetu zilipoisha nilikwenda Mombasa peke yangu kutafuta nyingine. Righa alibaki kwa sababu ng'ombe wake alikuwa karibu kuzaa. Muuzaji alikuwa mtu mwembamba, mpole, anayezungumza huku akifuta vumbi kwenye bidhaa zake. Alikuwa na jozi mbili zinazoingia kwenye pikipiki yetu. Moja ilikuwa ya barabara, ya spoti, yenye mistari. Nyingine ilikuwa ya mbio halisi, laini kabisa, haina mstari hata mmoja, kama zile tunazoziona kwenye televisheni. Nikashika zile laini. Akaniuliza kama tuna mablanketi. Nikadhani anatania.

"Mablanketi ya umeme," akasema. "Wenzenu huzifunika tairi hizi wakazipasha saa nzima kabla ya kuingia uwanjani. Bila hayo ni kama kukanyaga sabuni. Nyinyi chukueni za mistari, hizo zapata joto zenyewe, mizunguko miwili mitatu tu."

Nikamwambia Voi kuna jua la kutosha kukaanga yai juu ya bati. Akatabasamu akasema jua lapasha ngozi ya tairi tu, ndani hubaki baridi. Alisema kwa upole kabisa, wala hakunidharau. Lakini mimi nilisikia dharau, maana nilikuwa sijazoea kufundishwa tairi. Nikachukua zile laini.

Nilipofika nyumbani Righa aliniuliza muuzaji amesemaje. Nikamjibu, "Amesema hizi ndizo za mbio." Neno hilo lilikuwa kweli. Yale mengine yote niliyaacha Mombasa. Majirani wa Kaloleni walipoziona walicheka wakasema Fundi amenunua kipara kwa bei ya nywele, nasi tukacheka pamoja nao.

Kosa la pili lilitoka milimani kwetu. Ukishuka kutoka Werugha na magunia mawili, tairi yenye upepo kidogo inalala, pikipiki inayumba, na utajikuta bondeni na kabichi zako. Kwa hiyo sisi hujaza. Tunajaza mpaka ukiigonga tairi kwa kifundo cha kidole inalia. Nikazijaza zile za mbio hivyohivyo, kama nimebeba kabichi. Nilikuja kujua baadaye, nikiwa kitandani na muda mwingi wa kusoma kwenye simu, kwamba tairi ya namna ile inataka upepo mdogo ili inyumbuke, na kule kunyumbuka ndiko kunakoipasha moto kutoka ndani. Ikijazwa ikawa jiwe, inabaki baridi kama jiwe.

Siku yenyewe tulifika kiwanjani kabla ya saa sita. Jua lilikuwa kali. Nikaiegesha pikipiki juani kwa stendi yake, nikatangaza kwamba blanketi letu ni hilo hapo juu. Sasa, pikipiki ikisimama kwa stendi huinamia kushoto. Upande wa kulia wa tairi unatazama juu na kula jua. Upande wa kushoto unatazama chini, uko kivulini. Baada ya nusu saa nikapeleka kiganja upande wa kulia, kikaungua. Nikabonyeza mpira kwa ukucha, ukucha ukazama. Nikasema iko tayari. Kulikuwa na waendeshaji wengine wanne wenye tairi kama zetu, nao wakaegesha zao vilevile kwa sababu Fundi amesema.

Mizunguko mitatu ya kwanza ilikuwa tamu. Kona za kulia nilizilalia na tairi ikashika mpaka nikaanza kuimba ndani ya helmeti. Kona ya kushoto niliipita taratibu mara zote tatu, kwa kuwa mbele yangu kulikuwa na mtu mwoga. Mzunguko wa nne akanipisha. Nikaushuka ule mstari mrefu, nikalala kushoto kama nilivyokuwa nikilala kulia. Tairi ya mbele iliondoka bila kuniaga.

Nilianguka upande wa kushoto, pikipiki ikanilalia mguu, tukaburutana hadi kwenye majani. Sikusikia maumivu mwanzoni. Nilisikia joto, kama mtu amenimwagia uji. Nilipotazama niliona mfupa wa muundi umetoka nje ya suruali, mweupe, na punje za lami zimeushika. Righa alikuja mbio akapiga magoti. Aliniuliza nini kimetokea. Nilitazama ile lami, safi kama sakafu ya kanisa, nikasema, "Mchanga. Kulikuwa na mchanga."

Sijui neno hilo lilitoka wapi haraka hivyo. Walikuwa wamenizunguka wale wanne waliofuata mashauri yangu. Nilikuwa nimevunjika mguu na bado nilikuwa nikilinda jina la Fundi.

Walinipeleka hospitali ya Voi nyuma ya pikapu. Daktari alisafisha kidonda, akafunga mfupa kwa vyuma vinavyotokeza nje ya ngozi, misumari minne na fimbo mbili. Akasema tumshukuru Mungu, ila lami iliingia mfupani, kwa hiyo tusubiri. Siku ya tatu Righa alikuja na kimanga cha mama, mihogo na maharagwe ya kuponda, kwenye bakuli. Alinilisha, akanipangusa mdomo, kisha akaniuliza kama kweli ni mchanga, maana yeye hakuuona. Nikamwambia upepo ulikuwa umeuleta, labda baadaye ukauondoa. Akakubali. Righa alikuwa mtu wa kukubali.

Wiki ya pili usaha ukaanza. Kwanza ulitoka kidogo pembeni ya msumari wa chini, wa manjano, nikaambiwa ni kawaida. Baadaye ukawa wa kijani, na harufu yake ikawafanya wageni wa kitanda cha pili wageuze viti. Homa ilikuja kila alasiri. Nilitetemeka mpaka vyuma vya mguuni vikagongana na chuma cha kitanda, nami nikaona haya kwa kelele ile. Nilijisaidia kwenye chombo huku mama yangu akishika pazia. Nilikuwa na kilo sabini na tano nilipoingia. Kufikia mwezi wa pili mama aliweza kunigeuza peke yake, na mama ni mtu mdogo.

Walinipeleka chumba cha upasuaji mara tatu kuukwangua mfupa. Baada ya mara ya tatu daktari alivuta kiti akakaa, nikajua si habari njema, kwa sababu siku zote alizungumza akiwa amesimama. Akasema mfupa umeoza. Akasema dawa haziufikii tena, na sumu ikiingia kwenye damu nitakufa. Alitaka kukata chini ya goti. Nikamwambia hapana.

Walidhani naogopa kisu. Kweli niliogopa, lakini si kisu peke yake. Kwetu ni matuta matupu, hakuna njia ya gari inayofika mlangoni, na mtu wa mguu mmoja Werugha ni mtu wa kukaa ndani. Hiyo ndiyo sababu niliyowapa. Nyingine sikuisema. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba mguu ukipona nitarudi kwenye ile pikipiki, nitabadilisha tairi kimyakimya, na hakuna mtu atakayejua. Mguu ukikatwa watu watauliza vizuri ni nini kiliukata. Kwa hiyo niliushikilia ule mguu uliooza ili unifichie siri.

Muuguzi wetu, Sista Zuhura, mama wa makamo kutoka familia ya zamani ya hapa Voi, ndiye aliyenibadilishia bandeji kila asubuhi. Hakuwahi kuziba pua. Siku moja alisimamisha kazi akanitazama.

"Mwanangu, mguu huu wakutesa bure," alisema. "Umeshakufa, nawe waung'ang'ania. Wang'ang'ania nini?"

Nilitaka kumwambia. Mdomo ulifunguka kabisa. Kisha mtu aliita kutoka kitanda cha mwisho, Sista akaenda, nikaufunga.

Mwezi wa tatu Righa alikuja na furaha. Alikuwa ameitengeneza pikipiki: amenyoosha usukani, amebadilisha pedali na kioo. Tairi zilikuwa bado mpya, hazikuwa na jeraha, kwa hiyo hakuzigusa. Jumapili inayofuata alikuwa anakwenda kukimbia. Alitaka kukimbia kwa ajili yangu, alisema, na wenzake wameandika jina langu kwenye tangi. Kisha akainama karibu na sikio langu, akaacha kucheka.

"Fundi, niambie ukweli. Tairi ziko sawa? Juzi nilizigusa, nikahisi kama hazinipendi."

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Hapakuwa na mtu mwingine. Mama alikuwa ameenda kuchota maji ya moto. Righa alikuwa rafiki yangu tangu darasa la kwanza, na hata ningesema asingenicheka.

"Ziko sawa," nikamjibu. "Jaza upepo vizuri, zipashe juani. Na mfagie ile kona."

"Hiyo kona tutaifagia mpaka ing'ae," akasema. "Wewe pona tu, boss."

Jumapili hiyo nilikuwa na homa, sikumbuki mengi. Jumatatu mama alikuja bila bakuli. Mama yangu hakuwahi kuja bila bakuli. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akashika ule mguu wangu mzima, akaniambia kwa Kidawida, lugha ya kwetu, kwamba Righa ametutoka. Nikauliza wapi. Akasema kona ileile. Alianguka kushoto, akateleza, akapiga kifua kwenye dramu. Hakufika hata barabara kuu. Nilitapika juu ya shuka. Sista Zuhura alikuja akanipima joto, akasema ni homa, akabadilisha shuka, nami nikamwacha aamini hivyo.

Nataka kusema wazi jinsi nilivyohisi, kwa sababu watu wa ushuhuda hupenda kuruka hapa. Nilitamani kufa. Nilitamani ile sumu iingie kwenye damu haraka. Kwa siku mbili nilitema vidonge na kuvificha chini ya godoro. Sikuomba, maana sikujua ningemwambia Mungu nini ambacho hakijui. Siku ya tatu nilimwita daktari nikamwambia akate. Alinipiga begani akasema nimekuwa jasiri. Alidhani ametushinda mimi na ukaidi wangu. Ukweli ni kwamba mguu haukuwa na kitu cha kuficha tena.

Nilipozinduka, kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa kinawasha. Nikanyoosha mkono nikikune, nikagusa shuka. Nililia kwa sauti, nikamwamsha mzee wa kitanda cha jirani, naye akaniambia pole mara nyingi bila kuuliza kitu.

Mama aliomba apewe mguu. Walimwambia hospitali ina mahali pake pa kuuteketeza, lakini alikataa. Alisema mwanawe haendi motoni kwa vipande. Akatia sahihi, yaani akaweka dole gumba, akaondoka nao kwenye kisanduku cha mbao alichokitengeneza seremala jirani yetu, kidogo, kama cha kuwekea vyombo. Righa alizikwa Werugha siku ya Jumamosi. Mguu wangu ulizikwa Jumanne iliyofuata, kando ya kaburi la baba, ng'ambo tu ya lile tuta. Jembe lilikuwa lilelile. Mimi sikuwepo kwa mazishi yote mawili.

Kupona kulikuja baada ya hapo, na sitaki kukudanganya kwamba kulikuja kwa furaha. Homa ilikatika ndani ya wiki moja. Usaha ulikauka. Nilianza kula nikitaka nisitake, mwili una tabia ya kutaka kuishi hata mwenyewe akichoka. Nilijifunza magongo katika ukumbi wa hospitali, nikaanguka mara mbili, mara moja juu ya kigutu chenyewe, na nyuzi zikafumuka. Baada ya miezi mitano nilipimwa mguu wa bandia. Siku za kwanza ulinichubua ngozi mpaka soksi ikajaa damu. Sista Zuhura alikuja kunitazama nikitembea kwenye vyuma vya kushikilia, akasema ninatembea kama bata, kisha akatoka nje haraka, nadhani alikuwa akilia. Ukiwa wodini leo, shika hili: mfupa uliooza ukitoka, mtu hubaki. Mimi sikuamini, na nilibaki.

Sasa ulibaki mlima wa mwisho wa kupanda.

Kutoka barabarani hadi nyumbani kwetu Werugha kulikuwa mwendo wa dakika kumi nilipokuwa mzima. Siku ile nilitumia karibu saa mbili. Mama alitangulia mbele yangu akinionyesha mahali pa kuweka gongo. Kila tuta nilikaa. Matope yalikuwa yakiushika ule mguu wa bandia na kuuvua. Tulipofika mlangoni kwetu mama alifungua, akaniambia niingie nipumzike. Nikamwambia bado sijafika. Nikavuka lile tuta la mwisho, nikaingia kwa Mghoi.

Alikuwa ameinama kwenye karai akiosha karoti za kupeleka sokoni. Aliponiona aliinuka, mikono ikiwa bado na maji, akaniletea kiti. Nikakataa kiti kwa kuogopa kwamba nikikaa sitasema. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama: yule muuzaji wa Mombasa na mablanketi yake, zile tairi za mistari nilizoziacha, upepo, jua, upande wa kivulini. Nikamwambia kona haikuwa na mchanga. Maji yalikuwa yakimdondoka kwenye vidole.

"Alikuuliza?" akasema mwishoni.

"Aliniuliza mara tatu."

"Na ukasema mchanga."

"Nilisema mchanga."

Alitazama kwenye pembe ya ukuta, kulikosimama ufagio wa chelewa, wa kawaida, umeisha upande mmoja. Akaniambia asubuhi ile ya mwisho Righa aliuchukua ufagio wake wa nyumba, akaufunga kwenye pikipiki kwa mpira. Yeye alimgombeza, akamwuliza sasa nyumba itafagiwa kwa kitu gani. Righa akamjibu atamrudishia jioni. Jioni wenzake waliuleta ufagio.

"Bado nafagia nao," akasema. "Sina mwingine."

Nilimwomba msamaha. Alisema hajui kama anao, labda siku nyingine, leo hana. Aliinama tena kwenye karai. Nilipogeuka niondoke aliniita, bila kuniangalia.

"Wale wenzenu wanafagia kila mwezi. Wameifanya ni heshima ya Righa. Nenda ukawaambie wanafagia bure."

Nilikuwa sijui. Nilienda Jumapili ya mwezi uliofuata, nikapelekwa kwa gari hadi ukingoni mwa lami. Ni kweli. Kabla ya mbio walitoka wote na mafagio, wamevua helmeti, wakafagia ile kona ya kushoto kwa utaratibu, mtu na sehemu yake, kisha wakainamisha vichwa. Walifanya vizuri mno. Nilitamani ardhi inimeze. Wakati huo pikipiki zao zilikuwa zimeegeshwa juani zinangoja, zote zimeinamia kushoto, kama nilivyowafundisha.

Niliwaambia. Nilisema yote, mbele ya wale wanne. Mmoja alitema mate chini akaondoka. Wengine walisema pole, Fundi, umepitia mengi. Kisha mmoja, wala hakuwa mbaya, akasema lakini tairi si neno, bora dereva awe makini. Wakavaa helmeti. Ni dada mmoja tu wa Taveta aliyebaki. Alikwenda kwenye pikipiki yake, akapiga magoti upande wa kushoto, akaingiza mkono chini ya tairi pale pasipofika jua. Aliuacha mkono pale kwa muda. Hakuingia uwanjani siku hiyo. Alipakia pikipiki yake akaenda, na mwezi uliofuata alirudi na tairi za mistari. Ni mmoja. Wengine bado wanazo zile laini, na mwezi uliopita mmoja wao alivunjika bega. Pale pale.

Siku hizi naziba pancha Kaloleni, nimekaa kwenye kigoda. Akija mtu wa mbio namwambia bila kuulizwa. Kama huna blanketi la kupasha tairi, usinunue tairi inayolitaka, hata ukipewa bure. Chukua ya barabara, ya spoti, yenye mistari. Usiijaze kama unashusha kabichi. Mizunguko ya kwanza nenda pole, na kona ambayo iko peke yake upande wake ipite pole siku nzima, kwa kuwa upande huo wa tairi haujapata kazi ya kuupasha. Ukigusa tairi, gusa kivulini. Na ukiulizwa na rafiki yako jambo unalolijua, mjibu.

Namshukuru Mungu kwa kuniacha hai, ingawa siku nyingine sijui aliniachia nini. Namshukuru mama aliyekibeba kile kisanduku peke yake. Namshukuru daktari, na Sista Zuhura aliyeniuliza swali nisilolijibu. Mwezi ujao nitapanda tena Werugha. Nimemnunulia Mghoi ufagio, nao umesimama hapa nyuma ya mlango wangu, na sina hakika kama ataupokea.

Na wewe uliyeko kiwanjani na ufagio mkononi, uweke chini. Kona ile haikuwa na mchanga. Ilikuwa safi tangu mwanzo.